Kuku wa sikukuu kabaki? Mpike na karanga

Jamani, huku Tabora karanga zipo, sasa kwa nini umpashe kuku wa Krismasi hivyo hivyo mkavu? Mchambue nyama, mifupa ichemshe upate supu. (Kama kalala nje ya friji usimtumie kabisa.) Kaanga kitunguu na nyanya mpaka zilainike. Karanga za kusaga ndo kila kitu hapa, nusu kikombe, zikoroge kwanza pembeni na supu ya vuguvugu maana ukizimwaga kavu sufuriani zinafanya mabonge, halafu mimina, moto mdogo, koroga muda wote zisishike chini, dakika 15 hivi mpaka mafuta yaelee juu. Nyama mwishoni, ichemke vizuri. Onja ndo uweke chumvi, kuku alishakolea. Kula na ugali wa moto.