Configure imepita bila kosa, mbona SSL haipo?

Unajenga Python kutoka kwenye msimbo chanzo, tuseme kwenye kompyuta ya Ubuntu pale Mbarara, data unaivuta kwa simu. `./configure`, skripti inayokagua kompyuta ina nini, inapita; `make`, inayojenga programu yenyewe, inapita; halafu `pip`, kisakinishi cha vifurushi vya Python, inagoma: moduli ya ssl, ya mawasiliano salama ya mtandaoni, haipo. Kwa skripti ya `./configure`, OpenSSL, maktaba ambayo moduli hiyo inaitegemea, ni ya hiari. Ikikosekana inarukwa, na dalili ni neno `missing` lililopita mbio kwenye skrini.

Skripti haiiulizi apt, kisakinishi cha Ubuntu, umesakinisha nini. Kwanza huiuliza pkg-config, zana inayoeleza maktaba ziko wapi, kama ipo. Kisha huandika kiprogramu cha mistari michache, `conftest.c`, chenye `#include <openssl/ssl.h>`, hukikompaili na kukiunganisha kwa `-lssl`. Kikishindwa kwa sababu yoyote ile, jibu ni `no`. Wengi hunaswa hapa: libssl, maktaba yenyewe ya OpenSSL, ipo na programu nyingine zinaitumia kila siku, lakini faili za `.h`, zinazohitajika wakati wa kukompaili, Ubuntu huziweka kwenye pakiti ya pembeni, yenye mkia wa `-dev`.

Kwa hiyo kabla ya `make`, soma `config.log`, kumbukumbu ya `./configure`. Usianzie mwisho, kule ni orodha ya vigezo tu.

`grep -n -i ssl config.log`

Ukiona `ssl.h: No such file or directory`, pakiti ya `-dev` haipo. `cannot find -lssl` maana yake `.h` imepatikana, maktaba yenyewe haijaonekana. `undefined reference` ndiyo yenye kusumbua: mara nyingi `.h` ni ya toleo moja na maktaba ni ya jingine. Kumbuka pia kwamba Python 3.10 na kuendelea hudai OpenSSL 1.1.1 au zaidi.

Vuta pakiti zote kwa mkupuo mmoja:

`sudo apt install pkg-config libssl-dev zlib1g-dev libffi-dev libsqlite3-dev libbz2-dev liblzma-dev libreadline-dev`

Usiiache zlib, maktaba ya kubana data: bila hiyo `make install` hukwama kwenye ensurepip, hatua inayosakinisha pip.

OpenSSL uliyoiweka mwenyewe, mathalani `/opt/ssl`, itaje kwa `--with-openssl=/opt/ssl --with-openssl-rpath=auto`. Bila hiyo rpath, yaani njia ya maktaba iliyoandikwa ndani ya programu, Python yaweza kujengwa vizuri kisha ikashindwa kuiona maktaba wakati wa kuendeshwa.

Safisha kwa `make distclean`, rudia `./configure` na `make`, kisha kabla ya kusakinisha:

`./python -c "import ssl; print(ssl.OPENSSL_VERSION)"`

Toleo likichapishwa, endelea na `sudo make altinstall`, ili `python3` ya mfumo isiguswe.