Somo: Pima kwanza, usikimbilie kufungua hedi

Lori la zamani likianza kuchemsha au kupunguza maji, lawama ya kwanza huangukia gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo bapa kati ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) na bloku. Mara nyingi haina kosa. Fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1. Anza injini ikiwa baridi, imelala usiku kucha. Kagua kifuniko cha rejeta: raba ikipasuka au springi ikilegea, presha haikai na maji yatatemwa hata gasketi ikiwa nzima. Kamwe usikifungue injini ikiwa ya moto. Presha ndiyo inayoyazuia maji kuchemka; ukiiachia yanakurukia usoni papo hapo.

Hatua ya 2. Kabla ya kuwasha, legeza taratibu nati ya kumwagia oili, usiitoe. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), hivyo hutangulia kudondoka. Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi. Lori la safari fupi huupata kwa mvuke tu. Na maji yakitoka, kumbuka laina (mikebe ya chuma ambamo pistoni hucheza) zilizotoboka au oringi zake (pete za raba) nazo huyapitisha. Oili ikielea kwenye rejeta, mshuku kwanza kipoza oili.

Hatua ya 3. Jaza rejeta, acha wazi, washa. Mapovu yasiyokoma, yanayozidi ukipandisha resi, ni gesi inayopenya. Hapa ndipo wengi hupotea! Kwenye lori la breki za upepo, kompresa (pampu ya upepo) mara nyingi hupozwa na maji ya injini, na gasketi yake ndogo ikiungua husukuma upepo kwenye rejeta vilevile. Tenga mipira yake ya maji, ziba njia, washa kwa muda mfupi. Mapovu yakikoma, hedi haina kosa. Ipo pia dawa ya bluu ya kupimia: hewa ya rejeta ikipita ndani yake, moshi wa injini huigeuza kijani au njano. Upepo wa kompresa hauigeuzi.

Hatua ya 4. Injini ikiwa baridi, pampu presha kwenye rejeta kwa pampu yenye geji, hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko. Mshale wa geji ukishuka na nje hakuna tone, toa injekta zote (vinyunyizio vya dizeli), zungusha injini kwa mkono. Silinda itakayotema maji ndiyo yenye tatizo.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, langu linatoa moshi mweupe asubuhi tu, kisha unaisha. Ni gasketi?
Hapana, kaka, kama maji hayapungui. Hiyo ni dizeli isiyoungua, utaisikia ikichoma macho. Moshi wa maji huendelea hata injini ikipata moto.

Nimetoa thamostati (mlango wa maji unaofunguka injini ikipata moto), lori limeacha kuchemsha. Niliache hivyo?
Weka nzima. Kwenye baadhi ya injini, bila thamostati sehemu ya maji huikwepa rejeta, na injini isiyopata moto wake huchakaza laina.

Mkuu, leo asubuhi injini imegoma kabisa kuzunguka.
Usilazimishe stata! Huenda silinda imejaa maji, nayo hayabanwi, utapinda konrodi (mkono wa pistoni). Toa injekta kwanza, uzungushe kwa mkono. Maji yakiruka, fungua hedi, na kabla ya gasketi mpya pima unyoofu wa hedi kwa rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya).