Kuivisha samadi ili virusi visisambaze usugu wa dawa

Mnyama akipewa antibayotiki, sehemu ya dawa hutoka na mkojo na kinyesi ikiwa bado ina nguvu. Humo kinyesini wamo bakteria sugu, na vimo pia bakteriofaji: virusi vinavyovamia bakteria tu. Kirusi kikizaliana ndani ya bakteria, mara mojamoja hukosea kikafungasha jeni za mwenyeji wake badala ya zake. Zikiwamo za usugu, bakteria anayevamiwa baadaye huweza kupokea usugu badala ya kufa. Ganda la protini la kirusi huilinda jeni hiyo hata bakteria wa kwanza akishakufa, kwa hiyo kuanika samadi juani siku mbili tatu si dawa.

Kinyesi cha wanyama walio kwenye dozi kitengwe. Baadhi ya dawa, hasa za kundi la fluorokwinoloni, huamsha virusi vilivyolala ndani ya bakteria. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa pia yasimwagwe kwenye shimo la samadi.

Jenga lundo la samadi lenye upana na kimo cha mita 1.5 hivi; likiwa dogo halishiki joto. Changanya na majani makavu au maranda, ukilenga kaboni (iliyo nyingi kwenye makavu) 25 hadi 30 kwa nitrojeni (iliyo nyingi kwenye kinyesi) 1. Kamua konzi moja: yatoke matone mawili matatu. Yakichirizika, ongeza makavu. Konzi ikimeguka kama vumbi, nyunyiza maji.

Chomeka kipimajoto kirefu mpaka katikati. Unataka 55°C au zaidi kwa siku 15, na katika siku hizo ugeuze lundo mara 5. Wengi huharibia hapa: hulivuruga tu. Tabaka la nje, ambalo halijapata moto, ndilo liingie ndani, la ndani litoke. Likivuka 70°C geuza mapema, maana viozeshaji wenyewe wataungua. Lisipopanda joto na linanuka yai viza, limekosa hewa. Likichoma pua kwa amonia, limepungukiwa makavu.

Sepetu iliyoshika samadi mbichi isiguse iliyoiva kabla ya kuoshwa, na lundo likae upande wa juu, mahali ambapo mkondo wa maji machafu ya zizi haulifikii. Moto huu hupunguza jeni za usugu, hauzimalizi zote. Mboga zinazoliwa mbichi ziwekewe samadi kabla ya kupanda, si zikikaribia kuvunwa. Tope la mtambo wa biogesi usiopashwa moto nalo lihesabiwe kuwa bichi.