Mgonjwa Akitoka ICU: Namna ya Kumrudishia Nguvu Nyumbani

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na karibu kila nyumba ninayoingia nasikia, "Mwacheni apumzike." Ni mapenzi, lakini aliyetoka ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, kwenye mashine ya kupumulia, ameshalala mno, na kulala huko kumemaliza misuli. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya misuli ya paja ndani ya siku 10.

Anzeni na kukaa. Mkalisheni ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikanyage sakafu, kizunguzungu kiishe. Kisha leteni kiti cha plastiki chenye mikono, kiegemezeni ukutani kisiteleze. Asogee mbele, ainame kidogo, asimame, akae taratibu. Mara 3 zikimtosha leo, basi. Msimnyanyue kwa makwapa. Bega lililolala muda mrefu hukaza na kuumia upesi. Mfungeni kanga kiunoni, fundo imara, mshike kanga hiyo. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, apumzike kwanza.

Uji mtupu haujengi misuli. Mpeni mayai, maziwa, dagaa, maharage. Mpira wa mashine ya kupumulia uliopita kooni huacha sauti ya kukwaruza na kumeza kwa shida, kwa hiyo ale akiwa wima, funda dogo dogo. Akipaliwa kila anywapo maji, mrudisheni hospitali. Akianza kupumua kwa mlio kama filimbi, hata wiki kadhaa baadaye, msingoje asubuhi: huenda kovu limebana njia ya hewa.

Kinachozitisha familia zaidi ni kichwa. Anasahau, anakasirika, usiku anaweweseka na kudai manesi walitaka kumuua. Nyumba moja nilikuta mganga ameshaitwa. Jamani, ugonjwa mkali na dawa za usingizi huvuruga ubongo, na alichokiona humo kwake ni kweli kabisa. Msibishane naye. Msimulieni polepole: ulizidiwa, ukalazwa kwenye mashine, mikono ikafungwa usije ukauvuta mpira. Aliyekuwa akienda kumwona aandike hayo kwenye daftari, siku kwa siku, wasome pamoja. Miezi ikipita na bado anaogopa kulala, apelekwe kwa daktari wa afya ya akili.

Nywele zikinyonyoka baada ya miezi 2 au 3, kwa kawaida huota tena.

Wageni wa kumpa pole waje wachache, wakae kidogo. Na mnaomuuguza, gawaneni zamu za usiku, maana hofu na kukosa usingizi huwaangusha ndugu pia.