Jinsi ya kutumia malezi yako kwenye riwaya ya vijana bila kugeuza kitabu kuwa historia ya maisha yako

Watu wengi wakiambiwa waandike wanachokijua wanamwaga maisha yao yote kuanzia chekechea, kurasa mia mbili, alafu kijana anasoma tatu anafunga kitabu. Malezi ni mtaji kweli ila mtaji haumwagwi wote siku moja.

Anza hivi, chukua daftari uandike sheria za nyumbani kwenu ambazo hakuna aliyewahi kuzitamka lakini kila mtu alizijua. Nani haulizwi katoka wapi. Jina gani halitajwi baba akiwepo. Ukitaka kulia unajificha wapi. Riwaya iko hapo aisee, sio kwenye tarehe za matukio, maana mhusika wa miaka 15 anaishi ndani ya hizo sheria kila siku na stori inaanza siku anayovunja moja. Chagua moja tu, ile ambayo ukiikumbuka mpaka leo moyo unapiga paa.

Ukishaipata, mpe mtu mwingine. Hapa ndo wengi wanaruka. Angie Thomas, mwandishi wa Marekani, alikulia Jackson, Mississippi, akawa anatoka mtaa wa watu weusi kwenda chuo chenye wazungu wengi na kila siku inabidi abadilike njiani, sasa kwenye The Hate U Give (2017) hakuandika habari za chuo, hali ileile alimvisha binti wa miaka 16 anayesoma sekondari ya wenye nazo. S.E. Hinton, mwandishi mwanamke, naye alianza kuandika The Outsiders akiwa na miaka 15 huko Tulsa, Marekani, ule uhasama wa makundi ya vijana alikuwa anauona shuleni kwake kabisa, ila anayesimulia ni mvulana wa miaka 14! Kitabu kikatoka 1967. Ukibadili umri au jinsia unaacha kujitetea, maana tukijiandika wenyewe huwa tunajipendelea, mimi nikiwa wa kwanza.

Kingine ni sauti. Ukikuta umeandika "sasa ndo naelewa kwa nini mama alifanya vile", futa, huyo ni wewe mtu mzima umeingia bila hodi. Kijana hajaelewa bado, ana hasira tu, mwache nayo.

Na huyo mama mbadilishie kazi, umbo na idadi ya watoto kabla ndugu hawajaanza kukupigia simu.