Usilenge katikati ya kifaru

Ndugu zangu mnaocheza War Thunder, ule mchezo wa kompyuta wa vita vya vifaru, kwenye saiba za Kondele na kwingineko hapa Kisumu, tafadhali acheni kufyatua katikati ya kifaru cha adui kwa sababu tu ndipo panapoonekana pakubwa. Mara nyingi ndipo penye chuma kigumu zaidi.

Chukua Panther ya Ujerumani. Bamba lake la juu mbele lina milimita 80 tu, lakini limelazwa nyuzi 55, kwa hiyo risasi hulazimika kupita chuma kinene kuliko hicho, au huteleza ikaruka zake. Ubavu wa chini, nyuma ya magurudumu, una milimita 40. Zunguka, mpige huko! Ukikosa njia, lenga ile ngao ya mviringo kwenye shina la mzinga, nusu yake ya chini. Risasi inaweza kudunda kutoka pale ikatoboa paa jembamba lililo juu ya dereva. Napenda sana pigo hili.

Tiger I, kifaru kingine cha Ujerumani, ina milimita 100 mbele, karibu wima. Ikijipinda mshazari, risasi huteleza vilevile; basi kata mnyororo wa magurudumu kwanza ili isikimbie, au vunja mzinga wake: haiwezi kukujibu mpaka itengeneze.

Halafu, kabla ya mechi, ingia gereji ya mchezo kwenye kipimo cha kinga (Protection Analysis). Chagua kifaru cha adui, risasi yako na umbali, kisha pitisha kielekezi juu yake. Kijani maana yake inapenya. Anza na vile vifaru vinavyokuua kila siku.