Nmap ikisema poti iko wazi, uliza nani amejibu

Mkuu wa ofisi anakuletea karatasi ya skani ya Nmap, programu inayochunguza kutoka mbali ni poti zipi (milango ya mtandao) ziko wazi kwenye mashine: poti 2000 na 5060, ambazo ni za simu za intaneti, zimeandikwa "open". Wewe unajua seva yako haina programu hata moja ya simu. Usikimbilie kuizima seva, na usibishane naye bado. Karatasi za namna hii nimeletewa sana Arusha na Moshi, kwenye ofisi ndogo zenye seva moja na fayawoli (kifaa cha kuchuja mawasiliano ya mtandao) mlangoni, na karibu kila mara seva haikuwa na kosa. Fayawoli ndiyo iliyojibu kwa niaba yake.

Nmap, ambayo Gordon Lyon aliitoa mwaka 1997 na hadi leo ndiyo wengi wetu tunaitegemea, haiingii ndani ya seva kutazama. Inatuma pakiti ya SYN, yaani ombi la kuanza mawasiliano, na kusubiri. Ikirudi SYN-ACK (ombi limekubaliwa) inaandika "open", ikirudi RST (limekataliwa) inaandika "closed", na kukiwa kimya, au ukija ujumbe wa ICMP (taarifa ya hitilafu ya mtandao) wa kukataliwa, inaandika "filtered". Kama jibu limetoka kwenye seva au kwenye kifaa kilichosimama njiani, neno hilo moja halikuambii. Inabidi utafute mwenyewe.

Anzia ndani ya seva, uorodheshe poti zinazosikilizwa:

sudo ss -tulnp

Soma safu ya anwani kwa makini. 127.0.0.1:3306 maana yake hifadhidata inasikiliza ndani ya mashine tu, 0.0.0.0:443 inapokea kutoka kokote. Kama 5060 haimo, hakuna programu inayoisikiliza. Kuna jambo moja la kuangalia kabla hujatulia: seva inaweza kuwa inapeleka poti hiyo kwenye kontena au mashine nyingine kwa kanuni za NAT (kubadilisha anwani za pakiti njiani), na hizo haziko kwenye orodha hii. Zitazame kwa "sudo nft list ruleset".

Sasa toka nje, na nje iwe nje kweli. Ukikaa ofisini ukaskani anwani ya umma ya ofisi hiyohiyo, mara nyingi ruta inakujibu yenyewe kwa upande wa ndani, na majibu hayo hayana maana kwa mtu aliye mbali. Mimi napenda kutumia seva ya kukodi. Na uwe na ruhusa ya maandishi ya mwenye mtandao hata kama ni mteja wako wa siku zote; Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na maneno ya mdomoni hayatakusaidia.

sudo nmap -Pn -n -p 22,443,2000,5060 --reason 203.0.113.10

Hapa 203.0.113.10 ni anwani ya umma ya seva. Hiyo "--reason", inayoonyesha sababu ya kila jibu, ndiyo roho ya kazi, na bila "sudo" hutaipata TTL, namba ya pakiti inayokusaidia kujua imepita vituo vingapi. Chukulia majibu yamekuja hivi:

22/tcp open ssh syn-ack ttl 51
443/tcp open https syn-ack ttl 51
2000/tcp open cisco-sccp syn-ack ttl 243
5060/tcp open sip syn-ack ttl 243

Linux huanza na TTL ya 64, na kila ruta njiani hupunguza moja. 51 inakuambia pakiti imepita vituo 13. Vifaa vingi vya mtandao huanza na 255, kwa hiyo 243 ni vituo 12: kuna kitu kimekaa hatua moja mbele ya seva, nacho ndicho kinachojibu. Fayawoli iliyojengwa juu ya Linux itakuonyesha 52 badala ya 243, tofauti ya moja tu, na ni rahisi sana kuipita bila kuiona. Tazama kila mstari.

TTL inakupa mshukiwa. Ushahidi unaupata kwa tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, kwenye seva, huku ukirudia skani kutoka nje. Hapa 198.51.100.7 ni anwani unayoskani nayo, na eth0 ni kadi ya mtandao ya seva:

sudo tcpdump -ni eth0 'tcp port 5060 and host 198.51.100.7'

Nmap ikisema "open" na dirisha hili likakaa kimya, pakiti haikufika. Kanuni za fayawoli ya seva yenyewe hazifichi kitu hapa, kwa sababu tcpdump inaona pakiti inayoingia kabla hazijaigusa. Jaribu pia poti 443, uone pakiti zikiingia, ili ujue kwamba ungeziona.

Bado usimlaumu mwenye fayawoli ya upande ule. Skani poti hizohizo kwenye 192.0.2.1, anwani iliyotengwa kwa mifano ya vitabu, ambayo haina seva yoyote. Nayo ikikujibu "open", anayejibu yuko upande wako: ruta yako au mtoa huduma wako wa intaneti.

Chanzo cha 2000 na 5060 kwa kawaida ni msaidizi wa simu za intaneti ndani ya fayawoli, anayeshughulikia lugha za simu hizo, SCCP na SIP. Kama ofisi haina simu hizo, mzime. Poti zote zikionekana wazi, shuku kinga ya fayawoli dhidi ya mafuriko ya SYN (maombi mengi ya kuilemea seva), ambayo hukamilisha salamu na kila anayebisha. Ongeza "-sV", inayouliza ni programu gani inajibu, na ukiona "tcpwrapped" (muunganisho umekubaliwa kisha ukafungwa bila neno) kila mahali, dhana hiyo imepata nguvu.

Kuna na kinyume chake: poti nzuri inaandikwa "filtered" kwa sababu fayawoli imekuona unabisha milango mingi ikakufungia. Subiri, kisha jaribu hiyo moja tu kwa "--max-rate 1". Kwa UDP, mawasiliano yasiyo na salamu ya SYN, usihangaike na "open|filtered"; tuma swali halisi, kama amri ya dig kwa seva ya DNS (ya majina ya mtandao).

Kwenye ripoti andika umeskani kutoka wapi, saa ngapi, kwa amri ipi, na TTL ya kila poti. Ambatisha matokeo ya tcpdump. Kisha rudia skani kila fayawoli inapowekewa toleo jipya, maana yule msaidizi wa simu anaweza kurudi amewashwa.